Chupa ya Watoto Kumi

Juzi asubuhi nilikuwa jikoni nachambua omena, dagaa wa ziwani, redio iko dirishani, nikamsikia muuguzi mmoja kijana akieleza kwa nini watoto wa ufuo wetu wameanza kuugua surua tena. Sauti yake nzuri, Kiswahili chake kimenyooka. Akasema akina mama wa bichi ni wagumu, wanaamini uvumi, na elimu yao ni ndogo. Nilizima redio kwa mkono uliojaa omena, na mpaka leo kile kitufe kinanuka. Kijana yule, kama unanisoma, kaa chini. Na wenzako mliotoka chuoni juzi, na saa zenu za kuning'inia kifuani, kaeni pia. Mimi Penina nimechanja watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, kuanzia Kondele, Kisumu mjini, hadi bichi zilizo mbele ya Kisian, na nina maneno ambayo hamtayapenda.

Kwanza niwaambie kwamba watu walinikataa mimi kabla hawajawakataa nyinyi, na walikuwa na sababu.

Mimi si Mjaluo. Kwetu ni upande wa Kakamega, na nilipoanza kazi Kisumu, Kidholuo changu kilikuwa cha kununulia nyanya sokoni Kibuye, basi. Mkubwa wangu akasema ukienda kwa watu, sema nao kwa lugha yao. Nikafanya mazoezi njia nzima. Nilipofika kwenye boma la kwanza nikasimama langoni na kile kisanduku changu cha baridi, nikapaza sauti kwa fahari: "Akelonu yath!" Nilidhani nimesema nimewaletea dawa. Na kweli ndivyo nilivyosema. Taabu ni kwamba kwa Kidholuo yath ni dawa ya hospitali, na ni mti, na pia ni kile kitu ambacho mtu mbaya hukizika langoni mwako ili ng'ombe wako wafe mmoja mmoja. Alitoka bibi mmoja na mwiko wenye ugali, na nyuma yake mbwa wawili. "Nani amekutuma?" akauliza. Sikungoja kujibu. Nilikimbia nikaacha kiatu kimoja.

Kiatu kile kilifuatwa na Mzee Owuor, fundi wetu wa friji. Alikuwa mtu mfupi, mkali, aliyezipenda friji kuliko wauguzi, na alikuwa akizunguka zahanati zote za ufuo kwa pikipiki kukagua kama dawa zimekaa kwenye baridi inayofaa. Alinirudishia kiatu akicheka mpaka akakohoa.

"Sista, umesimama kwa lango ya mtu, hujasalimia, umebeba sanduku, halafu unasema umeleta yath? Hata mimi ningekufungulia mbwa."

Kisha akanifundisha. Ingia. Kaa. Ukipewa maji, kunywa, hata kama huna kiu. Uliza habari za watoto kwa majina yao. Halafu sema jina la ugonjwa, usianze na dawa. Sema ang'iew, yaani surua, maana hakuna mama wa ufuo huu asiyeijua ang'iew, na wengi wana kaburi la kuwakumbusha. Nilirudi kwa yule bibi wiki iliyofuata nikafanya hivyo hivyo. Alinipa wajukuu wanne niwachanje, na ndizi za kubeba.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kidogo. Kwenye kampeni ya matone ya polio tulikuwa tunaandika alama mlangoni kwa chaki, ili timu ya kesho ijue nyumba ipi imemalizwa. Siku hiyo chaki nyeupe iliniishia, nikaomba nyingine kwa mwalimu wa shule ya karibu, akanipa nyekundu. Kila nyumba ambayo mtoto hakuwepo, nikaichora X kubwa ya kuonekana kwa mbali. Sasa nyumba zenyewe zilikuwa zile zilizo kando ya reli. Pale X nyekundu ukutani ina maana moja tu: tingatinga linakuja. Kufika saa saba mchana watu walikuwa nje na magodoro, masufuria na makochi, akina mama wanasugua milango kwa matambara, na mimi katikati yao na matone yangu naomba nisikilizwe. Siku mbili nzima hatukupata mtoto hata mmoja. Ripoti ikaandikwa kwamba jamii imekataa chanjo. Mimi niliisoma ripoti ile nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa kuulizwa habari za chaki.

Hayo ya kiatu na chaki nimeyasimulia kwenye sherehe za watu, na watu wamecheka. Hili la tatu sijawahi kulisimulia kwenye sherehe.

Nyinyi mnaijua chupa ya surua, lakini kuna wanaosoma hapa wasioijua, kwa hiyo nieleze. Chanjo hiyo huja ikiwa unga mkavu chini ya kichupa kidogo. Unaichanganya na maji yake maalum, na ukishachanganya una saa sita tu. Zikipita, kilichobaki unakitupa. Chupa moja inatosha watoto kumi. Haya, uko kwenye zahanati ndogo kando ya ziwa na wamekuja watoto watatu. Ukifungua, unatupa dozi saba, na kuna fomu ya dawa iliyopotea, na kule juu kuna mtu anayeisoma fomu hiyo kwa uso uliokunjamana. Kwa hiyo tukajiwekea sheria yetu. Surua ni Alhamisi peke yake, na hata hiyo Alhamisi hatufungui chupa mpaka watoto wafike kumi. Hakuna kitabu kilichotuambia hivyo. Tuliona ni akili. Tangazo la mlangoni niliandika mimi mwenyewe kwa kalamu nene, na hati yangu ni nzuri, watu walikuwa wanaisifu.

Mama Atieno alikuja siku ya Jumanne. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kutembea, aliyekuwa akinunua omena mashua zikitia nanga na kuianika kwenye nyavu pale bichi. Atieno alikuwa na miezi tisa, ana mapaja manene, na alinivuta kofia.

"Sista, naomba unichanjie huyu ya ang'iew," akasema. "Leo nimepata mtu wa kuniangalilia omena."

Nikamwonyesha tangazo. "Leo Jumanne, Mama. Rudi Alhamisi."

Akarudi Alhamisi. Nataka muelewe maana ya kurudi. Kutoka bichi hadi kwetu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, jua la huku mnalijua, na omena ikianikwa inataka mtu wa kuigeuza na kuikusanya mvua ikitisha. Saa tano watoto walikuwa wanne. Saa saba walikuwa sita. Nikawaambia akina mama wangoje, tuko karibu. Saa tisa walikuwa saba, na wingu limesimama juu ya ziwa. Mama Atieno alikuwa akiangalia wingu, anaangalia mlango wa friji, anaangalia wingu tena. Nikatoka nikawaambia, kwa upole kabisa, kwamba kumi hawajafika na warudi wiki ijayo. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Mvua ilimpita njiani. Omena yake yote ililowa, ikaoza, wakala kuku.

Hakurudi. Nikamwandika kwenye daftari la wale tunaowaita madefolta, yaani walioacha chanjo njiani. Nikamtuma mhudumu wa kijiji kwake mara mbili, akaniletea jibu kwamba mama yule ameambiwa na wenzake kuwa sindano zetu zinafunga kizazi, na hataki kutuona. Nikachukua kalamu nikaandika mbele ya jina lake: Amekataa. Nakumbuka niliona raha kidogo kuandika neno hilo. Lilikuwa linafunga hesabu, na halikuwa kosa langu tena.

Baada ya miezi kadhaa ang'iew ikaingia bichi. Atieno aliletwa kwetu anachemka, macho mekundu, masikio yanatoka usaha. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla sijamgusa mtoto nilimuuliza mama yake: "Kwa nini ulikataa chanjo?"

Mama Atieno alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Mimi nilikataa? Sista, mimi nilikuja hapa mara mbili. Mara mbili wewe ukanirudisha. Nikajiuliza, kama hii dawa ni ya maana, huyu mtu anaweza nirudisha juu tuko wachache? Kwani ang'iew inangojanga watu wafike kumi?"

Swali hilo nalisikia mpaka leo.

"Halafu watu wakaniambia ni dawa mbaya," akaendelea, "na mimi nikakubali. Ningekataa aje? Ningewaambia nini?"

Nilimpokea mtoto, nikafanya yote niliyofundishwa, kisha nikaingia chumba cha friji. Mzee Owuor alikuwemo, anapangusa mpira wa mlango. Nikamweleza. Nilitaka aniambie kwamba sikukosea. Alichungulia kipimo akasema, "Friji iko sawa, Sista. Nyuzi nne. Dawa haijaharibika hata moja." Akaendelea kupangusa. Dawa zilikuwa nzima, zimepangwa safu kwa safu, na mtoto alikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Nililia mpaka koti la kazi likalowa, na Mzee Owuor hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Atieno alipona, lakini hakusikia tena. Ukimwita hageuki. Nililitoa lile daftari, nikakata neno Amekataa, nikaandika juu yake: Nilimrudisha. Mkaguzi alipokuja akauliza ni lugha gani hiyo.

Msidhani nilibadilika siku hiyo nikawa shujaa. Tangazo lilikaa mlangoni miaka mingine. Nilipunguza kumi nikafanya sita, baadaye nne, kwa siri, na kila nilipojaza ile fomu nilihesabu dozi mara tatu kwa woga. Ule woga wa fomu ndio unaowafanya nyinyi mseme uongo redioni. Ni rahisi kusema mama ni mgumu kuliko kusema friji yetu ilikuwa na dawa na sisi tukaikalia.

Ndiyo, uvumi upo. Nimeusikia wote, wa kizazi, wa alama ya mnyama, wa sumu ya wazungu, na ule wa wakati wa korona uliokuja na simu za watu. Lakini uvumi unataka mahali pa kukaa, na mara nyingi nimekuta umekaa pale ambapo sisi tuliondoka. Mama aliyefokewa kwa kupoteza kijitabu cha kliniki. Mama ambaye hakuambiwa mtoto atapata joto, mtoto akapata, na jirani ndiye aliyempa maelezo. Mkimkuta mtu hataki, msimhubirie. Muulizeni: mara ya mwisho ulikuja kwetu lini, na tulikufanyia nini? Kisha fungeni mdomo. Hiyo ya kufunga mdomo haifundishwi chuoni.

Sasa nimalize. Mwaka wangu wa mwisho kazini, surua ilisikika tena huko bichi, na chanjo zilikuwa zimeadimika. Kwenye friji yetu zilibaki chupa mbili, na hakuna aliyejua nyingine zitakuja lini. Inchaji wetu, yaani msimamizi wa zahanati, alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, mtu mzuri, mchapa kazi, anayeweka kila kitu kwenye tableti yake. Tangazo langu la zamani lilikuwa limeshatolewa. Mahali pake pana waraka kutoka juu unaosema fungua chupa hata kwa mtoto mmoja, na waraka huo tulikuwa tumeufunika kwa kalenda.

Siku ya Jumanne akaingia Atieno. Yuko mzima, mrefu, ni fundi cherehani, anashona yunifomu za shule pale Kibuye. Mgongoni ana mtoto wa miezi tisa. Akanipa simu yake nisome, ameandika: Nimeleta mtoto wa surua. Nikaangalia benchi. Hakukuwa na mtoto mwingine.

Nikaangalia nje, nikamwona mama yake amesimama getini. Nywele zimekuwa nyeupe. Nikamwendea.

"Mama Atieno, karibu ndani ukae."

"Siingii," akasema. "Mimi nimekuja tu kuona kama mtamfukuza."

Nilirudi ndani nikashika mlango wa friji. Inchaji alikuwa ameshaona ninachotaka kufanya.

"Sista Penina, ni mtoto mmoja. Tuko na chupa mbili peke yake."

"Naona."

"Tukifungua leo, kesho kutwa wakija kumi tutawaambia nini? Si umwambie arudi Alhamisi? Ni siku mbili tu."

Alikuwa na hoja, na ndiyo maana nawasimulia. Hoja ya kumrudisha mtu huwa ipo siku zote, na huwa nzuri. Nilimwambia, "Baba, huyo mama aliye getini nilimwambia maneno hayo hayo nikiwa na umri wako. Huyu hapa mbele yako ndiye mtoto. Sema naye uone kama atakusikia."

Akamtazama Atieno. Akaweka tableti mezani, lakini hakusema ndiyo. Sikungoja ndiyo yake. Nilitoa chupa, nikaondoa kifuniko, nikavuta maji yake, nikachanganya polepole mpaka unga ukayeyuka wote, nikaandika saa ubavuni mwa chupa. Saa nne na dakika kumi. Nilimdunga mtoto mkono wa kushoto, akaangua kilio kilichofika barabarani. Atieno hakukisikia. Aliweka kiganja mgongoni mwa mwanawe akakihisi pale, akaanza kumpigapiga taratibu. Nilimwandikia kwenye simu kwamba anaweza kupata joto na vipele baada ya wiki moja hivi, asiogope, na kama hali itamtisha anipigie simu. Kisha nikakumbuka, nikafuta, nikaandika anitumie ujumbe.

Nilipotoka, Mama Atieno hakuwepo getini. Sikuambiwa asante, na sikustahili. Lakini kabla ya saa saba walikuja akina mama wanne kutoka bichi, kila mmoja na mtoto wake, wamepakiana kwenye boda boda mbili, wengine wana magamba ya samaki mikononi. Wawili kati yao walikuwa kwenye daftari letu la madefolta. Nikawauliza nani amewaita.

"Ni Mama Atieno," akajibu mmoja. "Amesema leo chupa iko wazi, na mtu hafukuzwi."

Saa kumi na dakika kumi nilitupa dozi tano zilizobaki. Niliona uchungu, msidhani sikuona. Nikajaza fomu ya dawa iliyopotea, nikahesabu mara moja tu. Penye sababu nikaandika: Mama alikuja. Inchaji akasema Sista, hiyo si sababu. Nikamwambia ndiyo pekee niliyo nayo. Ililetwa barua ya kunitaka nijieleze, nikaijibu kwa maneno hayo hayo mawili. Nimeihifadhi kwenye faili moja na cheti changu cha uuguzi, na cheti ndicho kiko chini.

Zile siku mbili alizozisema inchaji zilipita. Alhamisi walikuja watoto sita, tukafungua chupa ya mwisho, friji ikabaki tupu kwa wiki tatu. Nilipiga simu kila asubuhi kwa kila mkubwa niliyekuwa na namba yake, mpaka wakaacha kupokea, nikaanza kupiga kwa simu ya inchaji. Aliniachia mwenyewe. Mkiishiwa dawa, pigeni kelele kwa aliyewaacha mkaishiwa. Msimpigie kelele mwenye mtoto.

Na wewe kijana wa redioni, nimeulizia, nimeambiwa unafanya kazi kwenye zahanati ileile ninayoijua, na kwamba surua mmeirudisha Alhamisi. Vizuri. Mimi sasa ni mstaafu, sina ofisi, sina fomu, na hakuna anayeweza kuniandikia barua. Jumanne asubuhi nitapitia bichi kwanza, kisha nitakuja na yeyote atakayekuwa na mtoto. Usinitolee kiti. Nitasimama pale getini, mahali aliposimama Mama Atieno, nione kama mtamfukuza mtu.